Bibi Juu ya Dirisha

Jumamosi. Upepo wa Same umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye kurasa za daftari. Sawa tu. Leo sitaki kuona kitu kisafi.

Baba ni fundi mwashi. Mwezi uliopita alipata kazi ya nyumba ya matofali mepesi, yale meupe yenye vitundu ndani, yanayokatwa kwa msumeno wa mbao. Anayaita maandazi. Yaliyovunjika aliyaleta nyumbani. Nikachukua moja kimyakimya, nikaanza kulichonga nyuma ya stoo kwa kisu cha jikoni na kijiko kikuukuu.

Nilikuwa namchonga bibi wa Myamba, marehemu mama yake baba. Picha yake tuliyobaki nayo ni ile ya kitambulisho tu, na ile inamwonyesha kama mtu aliyekamatwa. Wiki tatu nimemtafuta ndani ya tofali. Mashavu yalikubali, jicho la kushoto likakubali. La kulia bado lilikuwa linanikatalia.

Sikumwambia mtu. Kila jioni nilimvalisha mfuko mtupu wa saruji, asipate vumbi.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa fundi, kilicho ndani ya mfuko wa saruji ni cha saiti, cha kujengea.

Leo nimerudi kutoka tuisheni nikakuta mfuko umelala chini, mtupu. Wakati wa chakula cha mchana baba alikuwa ananawa mikono huku anacheka.

"Mama Eliya, panya wa nyumba hii wameishiwa mahindi! Sasa wanatafuna matofali. Nimekuta moja wamelichimbachimba, nikalikata, nikazibia juu ya dirisha kule saiti."

"Si wewe uliyewaambia ni maandazi?" mama akamjibu.

Wote wakacheka.

Na mimi nikacheka.

Jioni nimepita pale saiti. Msumeno umepita kwenye pua. Limebaki shavu na jicho la kushoto, linatazama barabara ya kwenda Mwanga kama mtu anayesubiri wageni wasiokuja.

Msumeno sina ugomvi nao. Kinachoniuma ni kwamba baba alimshika mama yake kwa mikono miwili, akampima kwa tepu, asimtambue. Au mimi ndiye niliyechonga vibaya? Sijui lipi ni chungu zaidi.

Jumatatu wanapiga lipu, na saruji itamfunika. Nina Jumapili moja tu ya kufungua mdomo.