Kengele ya Bondeni

Kamachumu, Jumanne jioni

...na hadi sasa naisikia ile kengele.

Tangu wamzike mama yake, Koku hupiga mayowe ghafla. Ana miaka tisa. Mwalimu Mkuu wa shule ya bondeni akamfukuza: "Anatisha wenzake." Nikamwingiza kwenye kisomo changu cha watu wazima, katika ghala la kahawa, kati ya wanawake wenye wajukuu. Balozi wa nyumba kumi akija kukagua, sijui nitamwambia nini.

Huku mayowe yamepungua. Akianza, Bibi Paskazia humpa kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni, nasi tunangoja atulie.

Kinachonichoma ni kengele. Kule shuleni wakigonga ile rimu ya gari iliyo kengele yao, Koku husimama wima, mikono ubavuni, akiangalia bondeni mpaka watoto wote waingie darasani. Kila siku! Leo nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Kaa, mwanangu. Hawakuiti wewe."

Hakukaa.

Bibi Paskazia akanitazama. "Mwalimu, mimi tangu nizaliwe sijaitwa na kengele." Akashika fimbo yake, akainuka, akasimama nyuma ya mtoto. Wanawake wenzake nao wakainuka mmoja mmoja, wakajipanga mstari, wakaangalia bondeni.