Upande Niliouficha

S.L.P. 418,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuamsha salama. Goti lako limepoa? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha? Huku tu wazima, ila moyo wangu una homa.

Kazi yangu ya maabara unaijua: kubandika kristali, vile vijiwe vinavyong'aa, kwa gundi, kufunga waya, kuandika vipimo daftarini. Ndani ya kristali mna sumaku ndogo mno, kama waumini waliobanana kwenye benchi. Wa kwanza akitikisika humtikisa jirani, na mtikisiko unafika mwisho bila mtu kuhama. Wenyewe huuita wimbi. Kwa kawaida likienda kulia au kushoto ni lile lile.

Januari nilikosea, nikageuza waya. Wimbi likaanzia upande wa pili, likaja na mwendo mwingine kabisa. Nikamwonyesha Profesa. Akasema, "Mama, umechoka. Funga upya." Nikafunga, lakini niliandika yote daftarini.

Wiki iliyopita binti mpya, tunamwita Miwani, akageuza waya kwa makusudi, akapata yale yale. Akaeleza kwamba kristali hii ukiigeuza kinyume, mpangilio wake wa ndani haulingani tena, ndiyo maana kwenda si kama kurudi. Profesa akampigia makofi. Mimi nimesimama na bisibisi yangu. Mdogo wangu, wivu uliniuma mpaka kwenye meno.

Jana Miwani akanifuata. "Mama, ulipoibandika kristali, upande wake upi ulikuwa kushoto? Bila hilo makala yetu haiendi popote."

"Sikumbuki, mwanangu."

Daftari lilikuwa mkobani mwangu. Akanivutia kiti, akanipa pole kwa kazi nyingi. Afadhali angenitukana.

Nimesali. Midomo inaomba msamaha, moyo unasema mwache kidogo naye ahangaike.

Leo nalirudisha daftari. Nitamwambia upande wenye mkwaruzo ndio uliokuwa kushoto, na kwamba nilimdanganya. Kisha nitamfungulia ukurasa wa Januari, nikae hapo hapo mpaka ausome. Kama watanitaja kwenye makala, sijui. Hata sasa ninapoandika, bado namwonea wivu. Niombee.

Msalimie shemeji, shangazi, na Bonge wetu mwambie apunguze utundu. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na roho mbaya hivi.