Mshipa wa Papa na Neno la Pili

Johannesburg, Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na upendo. Presha yako inaendeleaje? Na paa la jikoni, fundi alikuja au bado mnategeshea sufuria mvua ikinyesha? Sisi huku tuko wawili wazima, na hilo neno "wawili" naliandika kwa maringo.

Kwenye simu ulisikia tu kwamba Papa ametoka salama chumba cha upasuaji, kisha laini ikakatika. Papa amesema habari kama hii haifai kumezwa na simu, niiandike, na mke wa pasta anayerudi Kisangani aibebe. Basi keti vizuri.

Unakumbuka alivyosema daktari wa huko Makiso: mshipa mkubwa wa damu tumboni mwa Papa umevimba, na siku ukipasuka hatutawahi kumfikisha hospitali. Kumpasua tumbo nako hakuwezekani, maana moyo wake umechoka na mapafu yake yameliwa na tumbaku. Hapa ninapofanya kazi ya uuguzi walisema vilevile, tumbo hawafungui. Ila wana njia nyingine. Wanapitia kwenye kinena, huku na huku, wanapandisha ndani ya mshipa mrija wa kitambaa wenye nyaya. Ukifika penye uvimbe unafunguka, na damu inapita ndani yake bila kusukuma ule ukuta dhaifu.

Nilimtafsiria Papa. Wewe unamjua, maisha yake yote ametengeneza baiskeli za watu wa toleka, wale wanaobeba abiria.

"Bon," akasema, "tairi imevimba, munatia kipande ya tairi ingine kwa ndani, ile mupira isipasuke. Hiyo kazi minaijua. Waanze."

Daktari mpasuaji, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya upole, alicheka mpaka akavua miwani.

Kwa sababu ya mapafu hawakumlaza usingizi, walimpiga ganzi pale kwenye kinena tu. Na ili picha zitoke vizuri, alitakiwa kushika pumzi kila walipoomba. Wakaniita nisimame kichwani pake nimwambie. Mimi, Mama, niliyekuwa nakimbia kuku akichinjwa! Nikawa namwambia, "Papa, kamata pumuzi," na kifua kile kinachokukosesha usingizi kwa kukohoa kikatulia tuli. Nikisema "achilia," anaachilia. Hakukosea hata mara moja. Nilijivunia baba yangu mpaka machozi yakalowesha barakoa.

Kumbe hatari ilikuwa mbele. Kesho yake asubuhi yule daktari alipita, akamuuliza yuko namna gani. Papa akajibu, "Muzuri." Daktari akafurahi, akageuka aende kwa mgonjwa mwingine.

Lakini kwetu unajua. Mtu akiulizwa hali, kwanza husema muzuri, hata kama nyumba inaungua. Ni adabu. Habari yenyewe inangoja uulizwe tena, na daktari angejuaje kwamba kuna neno la pili? Wauguzi walikuwa wameishika miguu yake alfajiri wakaikuta ina joto. Mimi niliona tu namna anavyoyakwepa macho yangu. Nikamuuliza, "Na ingine, Papa?"

"Muguu ya kuume imeanza kuwa baridi, na vidole sivisikii. Lakini huyu mama munganga amechoka, nitamusumbua namna gani?"

Nilipotafsiri, daktari alirudi mbio. Damu ilikuwa imeganda ikaziba njia ya mguu. Wakamrudisha chumba cha upasuaji, wakaitoa. Walisema angechelewa, mguu ungekatwa. Hapo niliogopa kweli, kuliko siku ya kwanza. Leo anatembea ukumbini akiwasalimia wagonjwa wote.

Tangu siku hiyo daktari akimsalimia na Papa akijibu muzuri, haondoki. Anasimama, anasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Na ingine?" Jana Papa alimjibu, "Ingine ni bibi yangu. Iko mbali." Nilipomtafsiria kwamba anakusema wewe, mke wake, hakuandika kitu, alimshika mkono tu.

Kile kitenge ulichompa afungie kidonda cha tumbo hakijafanya kazi, kwa sababu tumboni hakuna kidonda. Amekikunja, anakilalia. Nikitaka kukifua ananinyima.

Atahitaji kupigwa picha mara kwa mara maisha yake yote, kuona kama kile kipande kimekaa sawa. Hilo tutalipanga. Sigara basi! Tonton Albert, mdogo wake, asithubutu kumletea hata moja. Msalimie hata hivyo. Msalimie shangazi Véro na samaki wake wa Ubundu, na dada yangu Clarisse, anibusie mtoto wake ambaye sijamwona.

Na wewe, Mama. Kila nikipiga simu unanijibu muzuri, nami naridhika, tunaagana. Miaka yote hii nimeishia kwenye neno la kwanza. Mke wa pasta akishakukabidhi barua hii, mwambie akungoje, umpe jibu kwa mdomo, naye atanifikishia. Ile muzuri yako nimeshaipokea.

Mama, na ingine?

Binti yako,
Espérance