Nusu ya Ukanda wa Mtaro Imeachiliwa, Jirani Hataki Kutia Sahihi

Kaunsili imekubali kuachilia nusu ya ule ukanda wa mtaro nyuma ya nyumba yetu, na barua yote ya maombi aliiandika binti yangu Ayan peke yake, bila wakili, pale pale mezani jikoni kwangu.

Sasa ndiyo nikusalimu, mpendwa Shangazi Luul, naomba msaada wako, maana furaha hiyo imeingia mchanga. Mimi ni Mama Ayan wa Sparkbrook, huku ughaibuni, Msomali wa Garissa, shule niliishia darasa la saba, lakini watoto wangu wote wamesoma na Ayan ndiye anayechora majengo kwa kompyuta, uliza mtu yeyote Ladypool Road atakwambia. Hati ya nyumba yetu inasema hatua kumi na mbili za mwisho wa ua hazijengwi, hapo panapita mtaro wa maji ya mvua ya nyumba zote za mstari wetu na miti na nyasi zinatakiwa zibaki hivyo hivyo, nasi tumeheshimu miaka kumi na moja. Lakini mwaka huu magoti ya mama yangu mzazi yamekataa ngazi, analala sebuleni kwenye kochi, mama aliyelea watoto tisa, mgeni akiingia inabidi ajifunike shuka mpaka usoni, na akitaka kuoga mimi na Ayan tunambeba kumpandisha juu huku amefumba macho kwa haya. Ndipo Ayan akaandika kwamba tuachiliwe zile hatua sita za juu, zilizo karibu na nyumba, tumjengee nyanya yake chumba na bafu, na zile sita za chini zenye mtaro na miti zibaki kama zilivyo. Kaunsili ikakubali, ila kwa sharti kwamba jirani wa chini, ambaye mtaro ule ni haki yake pia, naye atie sahihi.

Jirani mwenyewe ni Mzee Kewal, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, Kiswahili chake kinanishinda hata mimi, miaka yote tunaongea kupitia fensi, kila Idi nampelekea sambusa za mboga maana nyama hali, na mkewe Kamaljit humletea mama yangu chapati. Nikajua sahihi ni jambo la dakika mbili. Basi nikatangaza. Nimealika wanawake wa Alum Rock, wa Nechells, watu wa msikiti, arobaini na kitu, Jumamosi tarehe kumi na nne waje tusome dua na kuweka msingi, mbuzi wawili nimeshaagiza, na kwa kuwa ua wetu una mteremko na sufuria kubwa hazikai kwenye mteremko, binamu yangu Hillow alileta matofali ya zamani na kifusi akasawazisha pale chini kidogo, akakata na vichaka, kwa muda tu mpaka wageni waondoke.

Kisha mvua ikanyesha siku mbili. Jumatatu asubuhi Ayan akampelekea Mzee Kewal karatasi, akarudi nayo vilevile. Nikatoka mwenyewe. Nikamkuta amesimama upande wake wa fensi na gambuti miguuni, akaniambia mbele ya binti yangu, "Mama Ayan, mimi mtoto wa Kisumu, maji nayajua. Sitii sahihi."

Shangazi, ile aibu. Nikamjibu, "Basi kaa na maji yako, na mimi nitakaa na mama yangu sebuleni."

Tangu siku hiyo hatusalimiani. Sambusa zangu zote zile. Ayan naye, badala ya kunitetea, akanijibu kwa Kiingereza, kama walivyo hawa waliozaliwa huku, kwamba kosa ni langu, mimi niliyemzaa. Nitafute wakili? Niende kwa imamu wetu amwite? Watu arobaini nitawaambia nini?

Mama Ayan, Sparkbrook

Mama Ayan, pole kwa magoti ya mama, na hongera kwa Ayan. Hongera hiyo ni ya Ayan, usiichukue wewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mbuzi umewataja kwa idadi, sambusa umezitaja kwa aina, lakini kifusi umekipitisha mbio kama mtu anayeficha sahani aliyoivunja. Hillow alikimwaga wapi? Chini, umesema mwenyewe. Chini ndiko kwenye mtaro. Mlichoachiliwa ni hatua za juu, nanyi mmefukia zile za chini na kukata vichaka vilivyotakiwa kubaki, mvua ikanyesha siku mbili, halafu unashangaa kumkuta mzee wa watu na gambuti kwenye ua wake. Ulimwuliza amezivaa kwa nini? Hukumwuliza. Ulikuwa unahesabu sambusa, na sambusa si hati.

Hasira nami ninayo, tena ni juu yako. Chumba cha mama yako kilikuwa kimebakiza sahihi moja, ukakiweka nyuma ya sufuria. Ulitaka watu arobaini waone kabla ya mtu mmoja kukubali. Najua tulivyo, hata mimi niliwahi kualika watu harusini kabla posa haijajibiwa, na dada yangu Ladan ananicheka mpaka leo. Lakini mimi sikumfurikisha mtu. Mzee Kewal anajiuliza jambo dogo tu: kama mtaro umefukiwa kabla ya sahihi, baada ya sahihi itakuwaje? Hata mimi nisingetia.

Wakili hapana. Imamu mwache apumzike. Ukimaliza kusoma hapa, vaa viatu, zunguka mpaka mlango wake wa mbele, upige hodi. Usisimame kwenye fensi na usimtume Ayan. Usibebe karatasi wala chakula. Mwambie, "Mzee Kewal, nimeufukia mtaro wako, nionyeshe maji yalipofika." Halafu nyamaza akuonyeshe. Kama yameingia jikoni kwa Kamaljit, utasugua wewe na Hillow. Vichaka Hillow atavipanda upya. Ayan apigilie vigingi na kamba pale hatua ya sita inapoishia, mzee aone kwa macho yake chumba kitakapokoma. Akitaka mwezi wa kufikiri, mpe mwezi. Na Ayan umwombe radhi, alikwambia kweli.

Msingi utangoja sahihi. Wageni usiwarudishe. Wapigie mmoja mmoja, uwaambie kilichotokea kwa mdomo ule ule uliotangaza, na waje na gambuti, sepetu na toroli, Hillow akiwa wa kwanza, kifusi kitoke chote mpaka maji yapite. Wale mbuzi mtawala baada ya kazi, na Mzee Kewal na mkewe wapikiwe mboga kwenye sufuria yao. Mama mtoeni nje kwenye kiti, aone mahali pa chumba chake. Jumamosi tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi, wote.