Shanta Lililopakwa Oili Chafu

Baba,

Ukiona karatasi hii ina alama za vidole usidhani nimeandika kizembe. Nimenawa mara tano leo, kwa sabuni ya mche, kwa majivu, kwa limau, na bado kucha zangu ni za fundi wa gereji. Juzi Baba Salome alininusa shingoni akasema, "Mimi nilioa binti wa mrina asali. Huyu fundi wa malori ametokea wapi?" Nilicheka kidogo tu. Kusema kweli nimekinai, Baba. Tangu nilichukue lile shanta lako la mgongoni naishi na kichefuchefu kama mwenye mimba, na mimba sina.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Siku ya kugawa vitu vyako nilikuwa nimekaa chumbani, Salome ana miezi miwili. Wazee wakasema vyombo vya porini viende kwa mdogo wako, Baba mdogo Kasian wa Mamba, kwa sababu mwanamke haendi porini. Vikaenda shanta, zile buti za kamba ndefu, na chupa ya maji yenye koti zito la pamba. Vile vyote alivyokuachia yule mzungu wa misitu uliyembebea mizigo ukiwa kijana. Mimi nikanyamaza. Maziwa yamejaa, macho yamevimba, ningesema nini mbele ya wazee. Lilibaki hema tu, na lilibaki kwa sababu Mama alikuwa amelikalia. Watu wanalitafuta nyumba nzima, yeye yuko juu yake anapokea pole.

Sasa mwaka huu mkuu wa dago, kambi yenu ya warina asali kule upande wa Inyonga, alituma salamu. Mizinga yako waliiacha msimu mzima bila kuigusa, kwa heshima yako. Msimu huu asipotokea mtu wa nyumba yako, ile miti wanapewa wengine. Ndivyo mlivyopatana nyie wenyewe tangu zamani, siwezi kulalamika. Lakini nyumba yako ni nani, Baba? Ni mimi na Mama. Na Mama magoti yanamlilia hata akienda bombani. Basi nikasema naenda mimi.

Siku hizi wanawake wanaenda. Kipo kikundi hapa Mpanda, kiongozi wake ni Mama Zuwena, yule mwenye duka aliyekuwa ananunua asali yako na kukutania kwamba unaiuza huku unaionea huruma. Alinikubalia, ila akaniambia mambo mawili. Kwanza, kutoka gari linapoishia ni mwendo wa siku mbili kwa miguu, kwa hiyo begi la kushika mkononi haliendi, mikono yote iwe huru. Halafu akaniinulia kidole. "Na mzigo unaonuka mimi siupeleki, mwanangu. Asali inavuta harufu. Msimu uliopita ndoo moja ilikaa karibu na mafuta ya taa, ikarudishwa yote, mimi nikabaki natazamwa kama mwizi."

Nilijaribu begi la mtumba, la shule, lenye picha ya katuni. Nikatia dumu moja la maji kujaribu, mkanda ukakatika kabla sijafika kona ya Kawajense. Ndipo nikapanda gari kwenda Mamba.

Njia nzima nilikuwa nakuona. Ulikuwa ukirudi kutoka porini huanzi na chakula kama watu. Unakaa kibarazani, shanta mapajani, unayeyusha nta kwenye kopo, unalipaka kwa kitambaa mshono kwa mshono, halafu unalianika juani linywe. Mama akipita na ndoo anasema, "Mke mwenzangu ameshaoga?" Na wewe, bila kuinua kichwa, "Ameoga, anasubiri mafuta." Nyumba ilikuwa inanuka nta hadi kwenye mablanketi. Mimi nilikua naamini kwamba baba wote duniani wananuka hivyo.

Baba mdogo alinipokea vizuri, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye banda la kuku, akafungua kufuli.

Shanta lako lilikuwa chini ya viota. Mavi ya kuku yameganda juu ya kifuniko kama uji uliomwagika ukaachwa. Nikashika mkanda nilivute, mkono ukateleza. Nikautazama, mweusi. Walikuwa wamelipaka oili chafu, Baba, ile inayotolewa kwenye injini ya mashine yake ya kukobolea mpunga. Lote. Turubai, mifuko, mikanda ya ngozi, hata vile vifungo vya shaba ulivyokuwa unavisugua kwa majivu. Na juu ya oili vumbi, na juu ya vumbi manyoya. Buti ndiyo usiulize, panya wamezila ndimi zote mbili, ndani kuna maganda ya mayai. Baba mdogo amesimama pembeni anatabasamu. "Nimekutunzia," akasema.

Nilimtazama mdomoni nikasema moyoni, huyu mtu ni mchafu nje na ndani. Sikumuaga vizuri.

Nikalitia kwenye mfuko wa mbolea, pamoja na buti na chupa iliyobaki bila koti. Kwenye gari watu wakasogea, nikapata kiti cha peke yangu. Konda akaniuliza, "Dada, umebeba injini?" Nilikuwa nahema kwa mdomo.

Nyumbani nikaanza kulipekua. Kwenye mfuko wa pembeni kidole kikagusa kitu laini, cha moto, kinachocheza. Nikalitupa. Walikuwa watoto wa panya sita, wekundu, hawana macho wala manyoya, wamelazwa kwenye pamba. Ile pamba niliijua rangi yake. Ni koti la chupa yako, mama yao amelichambua uzi kwa uzi. Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika kila kitu. Halafu nikarudi nikawatazama tena. Sikuweza kuwakanyaga, Baba. Ningekuwa sijazaa labda ningeweza. Niliwazoa na pamba yao kwa kipande cha boksi, nikawaweka kwenye majani ya uzio, nikaondoka bila kugeuka. Paka wa jirani anajua yaliyofuata.

Kutoa oili kwenye turubai ni kazi ambayo simuombei adui. Nilichanganya majivu na pumba kavu, nikalifukia shanta humo siku tatu. Majivu yakatoka yamekuwa tope jeusi. Nikalipiga fimbo, nikamwaga, nikafukia tena. Halafu maji ya moto na sabuni ya unga na brashi ya sakafu. Maji ya kwanza meusi. Ya pili meusi. Ya saba yakawa kama chai ya rangi, nikashukuru kama nimepona ugonjwa. Nikalianika, jua likalipiga, na harufu ikatoka upya, imejaa tele, kana kwamba ilikuwa imelala tu.

Na hiyo harufu ilihamia kwangu. Jioni moja nikamchukua Salome nimnyonyeshe. Akaleta mdomo, akanusa, akakunja pua kama mtu mzima, akageuza uso. Nikambadilisha upande, akageuza. Nikaenda kuoga kifua mara tatu na bado hakutaka. Akalala mikononi mwa Mama kwa uji, analialia, mimi nimekaa mlangoni maziwa yanachuruzika kwenye kanga. Siku ile nilimchukia Baba mdogo hadi fizi zikaniuma.

Na wiki ileile akaja. Alikuwa amefuata mkanda wa mashine mjini, akapita kutusalimu. Akanikuta nje nimepiga magoti na brashi.

"Mbona unaitoa?" akauliza. Anashangaa kweli. "Nimepaka mara mbili, kwa mkono huu."

Baba, nilimjibu vibaya. Najua ungenikemea. Nilimwambia, "Baba mdogo, hata mngelitupa mtoni ingekuwa heshima zaidi. Mtoto wangu hanyonyi kwa ajili ya uchafu wenu." Mama alitoka ndani akaniita jina langu la ubatizo, lile la kunikanya. Sikunyamaza. Nikamtajia kuku, nikamtajia panya mmoja mmoja.

Yeye amesimama tu, kofia mkononi. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Nguzo za ghala langu nilizipaka hiihii. Tangu nioe, mchwa hawajazigusa. Na lile banda ndilo peke yake lenye kufuli pale kwangu." Akaikunja kofia. "Sikutaka mchwa wamle kaka."

Nilibaki na brashi mkononi. Nikwambie ukweli, Baba, nilichefuka zaidi, kwa sababu uchafu ulikuwa palepale na mtu wa kumchukia nimenyang'anywa. Oili ilinuka vilevile. Alikaa na sisi mpaka mchana, akala ugali akitazama sahani, na kabla ya kuondoka akachukua brashi akasugua mkanda mmoja mpaka ngozi ikaonekana.

Mwili wa shanta ulikubali kutakata. Kitako na mfuko ule wa panya vilikataa. Nikampelekea fundi viatu wa hapa Kawajense, akakibonyeza kitako, akanusa kidole, akaniangalia kwa huruma. "Hiki hakioshwi, dada. Kilikuwa kimekaa kwenye oili yenyewe. Kata, uweke turubai lingine kama hili." Nikamwuliza turubai kama hili linauzwa wapi. Akasema, "Siku hizi? Haliuzwi."

Lilikuwepo moja tu. Hema lako.

Unakumbuka ile mvua iliyong'oa bati zetu, mimi nikiwa darasa la pili? Ukalisimamisha uani, tukalala watatu kama samaki kwenye kopo. Ukatuambia, "Kitambaa msikiguse kwa ndani, hata kwa ukucha. Ukikigusa maji yanapata njia." Mimi nikakigusa. Nilitaka kuona hiyo njia. Tone la kwanza likamwangukia Mama puani, akaruka akidhani ni mjusi. Wewe ukacheka mpaka nguzo ikalegea, tukafunikwa na hema lote, na mvua inaendelea. Hakuna mahali nimewahi kulala vizuri kama pale, na nililowa hadi mifupa.

Basi nililitandaza uani, nikapiga mstari kwa chaki, nikashika mkasi. Mkono ukakataa. Nilikaa nalo asubuhi nzima, nikajiambia nitafuta mstari, nikajiambia acha hiyo mizinga iende. Mama akatoka ndani. Akanitazama, akalitazama. Akaninyang'anya mkasi, akainama na magoti yake yale, akakata moja kwa moja bila kupinda, huku machozi yanamtoka na anasema, "Lina faida gani kulikalia mimi. Nimelikalia vya kutosha."

Fundi akashona kitako kwa uzi wake mnene. Mfuko wa pembeni nimeushona mimi, sindano ya magunia, na umepinda kidogo. Vifungo vya shaba vinang'aa. Chupa nimeichemsha na majivu, nimeishonea koti jipya kwa blanketi la Salome ambalo sasa ni dogo kwake. Buti zimeshindikana, Baba, nisikudanganye. Nitavaa raba. Halafu nikanunua nta, nikaiyeyusha kwenye kopo, nikapaka mshono kwa mshono kama ulivyokuwa unafanya. Lilipokaa juani kidogo Salome akatambaa hadi pale, akakamata mkanda, akautia mdomoni akaanza kuutafuna. Nilimwacha autafune. Nilikuwa nalia kwa hiyo sikuwa na haraka.

Lakini aliyekuwa na neno la mwisho ni Mama Zuwena. Jana nilimpelekea dukani, maana asingelikubali nisingeenda, na gari linaondoka kesho. Akalipandisha juu ya meza, mbele ya wateja. Akaingiza kichwa chote ndani, ushungi ukabaki nje. Akakaa humo, Baba, watu wakaanza kuangaliana. Akanusa kitako, akanusa mifuko, akakwaruza mshono kwa ukucha akanusa ukucha. Akalishusha.

"Hili linanuka nta," akasema. "Harufu ya oili inatoka kwako. Shanta litapanda gari. Wewe katafute limau."

Ndiyo maana nimeshinda leo nikinawa. Salome ameshazoea uji na ugali, atabaki na Mama siku zote nitakazokuwa porini. Baba Salome amesema atalala hapahapa asaidie, ingawa najua atakayesaidiwa ni yeye.

Sina uhakika nitaikuta mizinga katika hali gani. Labda wamo siafu. Labda ni mitupu na nyuki wamehama kwa kukukosa. Lakini miti itakuwa imeona mtu wa nyumba yako, na mtu akishaonekana hawezi kuambiwa hakuja. Nikikuta nyuki watatu tu nitahesabu wapo.

Nakuahidi jambo moja. Asali yangu ya kwanza, kabla ya Mama, kabla ya kikundi, nitaipeleka Mamba kwa Baba mdogo. Sitamwambia nimemsamehe, kwa sababu leo nikivuta pumzi bado naisikia ile oili, na mimi sitaki kukudanganya wewe wala yeye. Nitamwekea sahani, nitakaa, nitamngoja aonje. Na nitamwomba radhi kwa maneno yale, hayo ni ya kwangu, hayahusiani na oili.

Basi, Baba. Miaka yote ulikuwa unaondoka wewe, mimi nabaki mlangoni nakuhesabia hatua mpaka unakata kona. Kesho asubuhi naondoka mimi. Baki wewe.

Mwanao,
Veronika