Koti la Shemeji Joram

Kaloleni, Kisumu
3 Machi 1991

Dada Amolo,

Natumaini watoto wamepona kikohozi, na matrekta ya miwa ya Muhoroni yanawaacha mlale.

Tiketi aliyonitumia Mwalimu Keiko, yule Mjapani aliyenifundisha shuleni, imefika. Jioni nikitoka ofisini naikunjua ramani ya Japani mezani. Maua ya micheri huchanua kusini kwanza, kwa hiyo nitaanzia Fukuoka, nipande treni hadi Kyoto, kisha Tokyo, nimalizie Sendai, kaskazini kwenye baridi. Nikichelewa yatakuwa yamepukutika.

Jana alikuja Joram.

“Dorca, mjane halali nyumba za watu kabla hajarithiwa. Unatutafutia laana?”

“Shemeji, Absalom alijua nitakwenda. Aliniruhusu kabla hajafa.”

“Absalom yuko kaburini. Mimi ndiye niliye hapa.”

Akavua koti lake, akalitundika kwenye msumari wa marehemu, akaenda zake. Unaijua mila yetu: koti hilo likilala ndani, mimi ni mke wake.

Niliogopa, dada. Lakini jua halijazama nilikuwa nimelitoa na kulianika kwenye kamba ya nguo, majirani wote wakiona. Mama Zeituni aliniuliza, “Umefua nguo za nani?” Nikamjibu, “Za mgeni aliyesahau.”

Ni koti zito la sufu, na Sendai kuna baridi. Nimelipakia sandukuni.

Joram akija kwako kuliulizia, mwambie limekwenda kutazama maua.

Mdogo wako anayetetemeka lakini anakwenda,
Dorca