Vipande Nilivyovivunja Makusudi

Baba Kibonge,

Uji wa mtoto uko kwenye chupa ya chai. Usimpe ukiwa wa moto.

Vile vipande vya kalamu za rangi ulivyotupa asubuhi, ukanifokea mbele yake eti namlea kwa mabaki, nilivivunja mwenyewe, makusudi. Kalamu ndefu anaikamata kwa ngumi kama mwiko. Fupi lazima aibane kwa ncha za vidole, na ndivyo vidole vinavyopata nguvu.

Nimeviokota kwenye ndoo ya taka, viko kwenye kopo. ~~Usiviguse.~~ Kaa naye, apake rangi yule samaki niliyemchorea kwenye karatasi. Akitoka nje ya mstari, nyamaza.

Na jana ulinisifu kwamba nimemvalisha shati vizuri. Vifungo vyote vitano alivifunga mwenyewe.

Mama Kibonge